Wanaowafuata Wanaolala Nje

Kazi huanza maduka yanapofungwa. Katikati ya Nairobi, kuanzia River Road hadi Kirinyaga Road, ile ambayo wazee wa jiji bado wanaiita Grogan, milango ya chuma huteremshwa kwa kishindo, walinzi huvuta viti vyao na kuvaa makoti mazito, na wale waliokuwa wametawanyika mchana kutwa wakiokota chupa za plastiki na vyuma chakavu huanza kurejea mmoja mmoja. Kila kundi lina bezi yake, yaani kipande cha baraza au kichochoro kinachojulikana kuwa ni chao. Boksi hufunuliwa na kutandikwa, gunia likawekwa juu, mtu akajiingiza ndani mpaka mabegani. Viatu havivuliwi, anayevivua huvilalia. Wadogo hulala katikati, wakubwa pembeni. Wako wasiolala hadi kupambazuke, kwa sababu usiku ndio wakati wa kupigwa, kuibiwa na kukamatwa. Deni la usingizi hulilipa mchana katika bustani ya Jeevanjee, mbele ya wapita njia wanaowaona wavivu.

Katika saa hizo hutokea watu wawili au watatu wakitembea kwa miguu. Hawana sare wala kamera. Wamebeba mfuko wenye pamba, bandeji na dawa ya vidonda, na daftari dogo. Hao ni wahudumu wa mtaani, kazi ambayo haina jina kubwa wala mshahara mkubwa. Wakifika kwenye bezi hawaanzi na maswali. Huwasalimu kwanza wakubwa wa pale, maana bila idhini yao hakuna mtoto atakayefungua mdomo. Kisha huchuchumaa. Huosha kidonda cha mguu kilichoshikana na soksi, hufunga bandeji, huongea habari za mpira. Mtoto mgeni akiulizwa jina hutaja lolote linalomjia: la mchezaji wa Arsenal, la rafiki, la mtaa aliopita jana. Mhudumu anajua si lake, na huliandika vivyo hivyo. Kesho yake usiku hurudi na kumwita kwa jina lile lile.

Mtu akisikia habari ya kuwasaidia wanaolala nje, mawazo humwendea haraka kwenye sufuria ya chakula, blanketi, au nyumba ya kulelea watoto. Navyo vinahitajika, hakuna anayebisha. Ila mashirika yaliyodumu katika kazi hii Afrika Mashariki yamejifunza kwa uchungu kwamba blanketi mara nyingi huuzwa kabla ya asubuhi, na kwamba mtoto aliyepakiwa garini na kushushwa kwenye nyumba asiyoijua huruka ukuta siku chache baadaye. Kinachomtoa mtu barabarani ni mtu mwingine aliyemwendea pale anapolala, akarudi, akarudi tena, mpaka akaaminika.

Mwaka 2018 Kenya ilifanya sensa ya familia za mitaani nchi nzima. Ilipata watu 46,639. Nairobi peke yake ilikuwa na 15,337, Mombasa 7,529, Kisumu 2,746 na kaunti ya Uasin Gishu, ambako ndiko uliko mji wa Eldoret, 2,147. Idadi hizo ni za watu ambao wengi wetu tumezoea kuwapita bila kuwahesabu. Hata jina la sensa lilikuwa na maana: haikuitwa sensa ya watoto wa mitaani, bali ya familia, kwa kuwa kwenye mabaraza na chini ya madaraja wapo kina mama wenye watoto mgongoni, na wapo kina mama waliozaliwa papo hapo mtaani na wao wenyewe sasa wana wajukuu.

Majina tunayowaita yanaeleza tunavyowatazama. Nchini Kenya ni chokoraa, neno lililotokana na kuchokora, kuchimbua taka kwa kijiti kutafuta cha kula au cha kuuza. Goma na Bukavu huitwa maibobo, Kinshasa shege. Tanzania wamezoeleka kama watoto wa mitaani, ingawa maofisa wa ustawi wa jamii wamejitahidi kueneza maneno marefu zaidi, watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani. Urefu wa maneno hayo una sababu yake. Mtaa haumzai mtoto, na wengi wao hufanya kazi kweli: hubeba mizigo sokoni, huteka maji ya mama lishe, huosha vioo vya magari, hupara samaki kule Feri jijini Dar es Salaam, hukusanya chupa na kuziuza kwa kilo.

Kwa nini waliondoka nyumbani? Watu wengi wana jibu tayari: utukutu. Mwaka 2016 watafiti, miongoni mwao wakiwamo wa mradi wa afya unaofanya kazi Eldoret, walikusanya tafiti 49 kutoka nchi 24, zenye watoto na vijana zaidi ya 13,000, wakaangalia sababu zilizotajwa na wahusika wenyewe. Umaskini ulitajwa na asilimia 39, migogoro ya kifamilia asilimia 32, na kupigwa au kudhulumiwa asilimia 26. Utukutu ulikuwa mwishoni, asilimia 10. Anayefanya kazi mtaani hahitaji jedwali kuambiwa hivyo. Hadithi anazozisikia zinafanana mno: baba amekufa, mama ameolewa tena, baba wa kambo hataki kulisha mtoto wa mwenzake, au chakula kimekuwa cha mlo mmoja na mkubwa wa watoto ameona heri ajiondoe ili wadogo wapate. Siku moja lori la mkaa au la mahindi linasimama barabarani, utingo ana roho nzuri, na mtoto wa miaka tisa anajikuta mjini.

Mjini kunamfundisha haraka. Kitu cha kwanza anachopewa na wenzake ni gundi ya kubandikia viatu, ndani ya chupa ndogo ya plastiki inayoning'inia mdomoni kwa kushikwa na meno au mdomo wa juu. Wapita njia huona ulevi. Watoto wenyewe hueleza kwamba gundi huondoa njaa na baridi, na hupunguza woga. Mhudumu anayejua kazi yake haanzi kwa kupora chupa. Anajua kwamba usiku wa Julai jijini Nairobi, mtoto asiye na blanketi, asiyekula tangu asubuhi, hataiacha ile chupa kwa sababu ya mahubiri. Itaachwa baadaye, mahali penye chakula na godoro, na hata huko si kwa mara moja.

Kazi hii ina wazee wake. Katika miaka ya 1970 mitaa ya Nairobi ilikuwa na vijana waliowaelekeza madereva mahali pa kuegesha magari kwa kutarajia sarafu, wakaitwa "parking boys". Padri Mholanzi, Arnold Grol, aliwaendea hao, na mwaka 1973 akaanzisha Undugu Society of Kenya. Jina lenyewe lilikuwa tamko. Undugu ilianza na vijana wale wale ambao jiji liliwaona uchafu, ikawatafutia elimu ya msingi ya njia ya mkato kwa waliovuka umri wa darasa la kwanza, ikawafundisha ufundi, na baadaye ikawasaidia walio wakubwa kuunda vyama vyao wenyewe ili waweke akiba na kutafuta kazi kwa pamoja. Jijini Dar es Salaam, Dogodogo Centre ilianzishwa mwaka 1992 na mtawa wa shirika la Maryknoll, Jean Pruitt. Mwaka 1994 mwigizaji wa Nairobi, Anne Wanjugu, alianzisha Shangilia Mtoto wa Afrika, ambako ngoma, sarakasi na maigizo vilikuwa sehemu ya malezi. Kampala katika miaka hiyo hiyo, Tigers Club ilianza na mpira wa miguu.

Mpira na sarakasi vilikuwa njia ya kumwingia mtoto aliyekwisha kuona kwamba kila mtu mzima anayemkaribia ana rungu au ana tamaa. Uwanjani hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Anapewa namba na nafasi ya kucheza.

Baada ya bezi, hatua inayofuata ni kituo cha mchana. Hapa hakuna kulala na hakuna kulazimishwa. Geti hufunguliwa asubuhi, na anayetaka huingia. Kuna bomba na sabuni ya mche ya kufulia. Mtoto hufua shati lake la pekee, huvaa la kuazima likikauka, huoga, hula uji au wali maharage, hucheza bao au karata, hupimwa malaria, huandikwa. Jioni hurudi mtaani kama atakavyo. Mgeni anayetembelea kituo kama hicho huweza kushangaa kwamba watoto wanaachwa waende zao. Lakini uhuru wa kutoka ndio unaowafanya warudi. Siku mtoto anapokuja kabla ya geti kufunguliwa, akakaa chini akisubiri, mhudumu huijua siku hiyo kwa uzito wake.

Ndipo jina la kweli hutoka. Wakati mwingine baada ya wiki, wakati mwingine baada ya miezi. Likishatoka, kazi ya upelelezi huanza, na hii ndiyo sehemu ya huduma ambayo umma hauioni hata kidogo. Mtoto aliyeondoka akiwa na miaka saba hajui wilaya wala kata. Anachokumbuka ni mti mkubwa karibu na shule, mto wenye daraja la magogo, jina la utani la babu, siku ya gulio. Mhudumu na ofisa ustawi wa jamii huunganisha vipande hivyo, humpigia simu mwalimu mkuu wa shule fulani, mtendaji wa kijiji, chifu, padri, imamu. Kisha huondoka mmoja wao peke yake, bila mtoto, kwenda kuitazama hiyo nyumba. Akifika huuliza mambo magumu. Nani alimpiga? Yupo bado? Kuna chakula? Kuna mahali pa kulala? Mtoto mwenyewe anataka kurudi, au anataka kumwona tu mdogo wake?

Kuna nyumba zinazompokea mtoto kwa vigelegele na machozi. Kuna nyumba ambazo mlango haufunguliwi. Nyingi zimo katikati: mama anamtaka mwanawe, ila hana uwezo, na sababu iliyomtoa mtoto bado imekaa sebuleni. Hapo msaada hubadilika sura. Huwa ni sare na madaftari, mtaji mdogo wa kuuza mboga, kikao cha ukoo na baba wa kambo mbele ya mzee anayeheshimiwa. Pengine mtoto huenda kwa shangazi au bibi. Halafu huja ufuatiliaji, ambao ndio unaogharimu na ndio wafadhili wasioupenda, kwa sababu haupigiki picha. Mhudumu hurudi kijijini baada ya wiki, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, akakagua daftari la shule na kumtazama mtoto usoni. Safari moja isiyofuatiliwa huishia pale pale Grogan.

Mzigo huu haupaswi kubebwa na mashirika peke yao. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya lishe, makazi na huduma ya afya, na ibara ya 43 inamtambulia kila mtu haki ya makazi ya staha. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009, inayozipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika maeneo yao. Maana yake ni kwamba mtoto anayelala kwenye baraza la soko ni jukumu la halmashauri ya mji ule, hata kama kwao ni mkoa wa mbali. Ofisa ustawi wa jamii ndiye mwenye mamlaka ya kufungua jalada lake, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Zipo pia familia zilizochunguzwa na kukubaliwa kumhifadhi mtoto kwa muda, ili usiku wa kwanza asilale kituoni. Kinachopungua ni watu na nauli. Ofisa mmoja huwa na kata nzima, wakati mwingine zaidi, na pikipiki isiyo na mafuta haifiki kwenye gulio la kijiji chochote.

Kuna namba moja ambayo kila msomaji angefaa kuiweka kichwani: 116. Hupigwa bure. Nchini Kenya huitikiwa na Childline Kenya, Tanzania na C-Sema, na Uganda na huduma ya Sauti. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na jirani, kondakta au muuza chai wa stendi pia anaweza. Watu wa stendi ndio huwa wa kwanza kumwona mtoto aliyeshuka basini peke yake, ameshika mfuko wa rambo, anatazama huku na huku. Saa chache za mwanzo ni za thamani kubwa, kwa sababu bado anajua jina la kijiji chake na bado hajapewa chupa.

Mkabala na kazi hii ya taratibu lipo lori la msako.

Msako ni wa zamani kuliko uhuru wetu. Mwaka 1824 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria dhidi ya wazururaji, wakati barabara za nchi hiyo zikiwa na askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon bila kazi wala makao. Sheria hiyo ilifanya kulala nje na kuombaomba kuwa makosa. Fikra yake ilisafiri na ukoloni na kuingia katika kanuni za adhabu zilizotungwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na uzururaji ukawa kosa ambalo polisi angeweza kumkamatia mtu kwa sababu tu hana la kusema anapoulizwa anafanya nini mjini. Bendera zilibadilishwa, vifungu vikabaki. Tanzania mwaka 1983 ilipitisha sheria ya Nguvu Kazi, na wasio na kazi rasmi Dar es Salaam wakakamatwa na kusafirishwa vijijini. Wengi walirudi mjini.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Februari 2019. Watu wa mitaani mjini Nakuru, wakiwamo watoto, walichukuliwa na kwenda kutupwa kwenye msitu wa Chemususu, kaunti ya Baringo. Habari hiyo ilipotoka, Wakenya wengi walikasirika, na ilistahili. Rwanda nako, kituo cha muda cha Gikondo mjini Kigali, ambacho wenyeji hukiita Kwa Kabuga, kimeandikwa mara kadhaa na shirika la Human Rights Watch, mwaka 2006, 2015 na 2020, kwamba kinashikilia watoto wa mitaani, wachuuzi na wengine bila mashtaka. Serikali ya huko inakitetea kuwa sehemu ya urekebishaji. Kigali ni safi kweli, na msafi anastahili sifa. Lakini mtoto aliyefagiwa barabarani kabla ya mkutano wa wageni hajapata nyumba kwa kufagiwa.

Hasara ya msako haiishii kwa aliyekamatwa. Asubuhi baada ya lori kupita, bezi zote huwa tupu. Waliookoka huhamia mahali pa giza zaidi, kwenye mitaro na majengo yasiyokwisha, ambako mhudumu hajui walipo. Aliyekuwa na dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI hukosa dozi. Aliyekuwa amebakiza wiki moja apelekwe kwao hupotea. Na yule mhudumu, ambaye alikuwa ameaminika, hutazamwa upya: isije ikawa ndiye aliyeonyesha njia. Miezi ya kazi hufutwa kwa usiku mmoja, na wakubwa walioagiza msako huhesabu mafanikio kwa idadi ya waliopakiwa.

Sheria nayo imeanza kugeuka. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilibatilisha kifungu kimoja cha uzururaji. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya kisheria yaliyoombwa na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Ilisema sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa alilolitenda, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuta vifungu vyake viwili. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilikuwa imekwisha kusema katika waraka wake wa mwaka 2017 kwamba kanuni zinazoruhusu misako ya watoto ziondolewe, na katika kuandaa waraka huo iliwasikiliza watoto na vijana 327 kutoka nchi 32.

Vipi kuhusu mpita njia mwenye sarafu mkononi? Mwaka 2019 jiji la Kampala lilipitisha kanuni inayokataza kuwapa watoto wa mitaani pesa au chakula, kwa tishio la faini au kifungo. Hoja yake si ya kupuuzwa. Nyuma ya mtoto anayeomba kwenye taa za barabarani huweza kuwapo mtu mzima anayechukua makusanyo jioni, na pesa taslimu hufika kwa muuza gundi kirahisi. Hata hivyo kanuni inayomfunga mtoaji mkono bila kufungua mlango mwingine inamwacha mtoto na njaa ile ile. Wahudumu wengi hutoa ushauri wa kadiri: mnunulie chakula, kaa naye anapokula, muulize habari zake, peleka hicho ulichotaka kukitoa kila mwezi kwenye kituo cha mchana kilicho karibu nawe. Na usimpige picha.

Mawazo kuhusu nyumba za watoto pia yamebadilika. Kwa miaka mingi dhana ilikuwa kujenga mabweni zaidi. Kenya mwaka 2022 ilizindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuondoka polepole katika malezi ya taasisi na kurudisha watoto kwenye familia, iwe ya kuzaliwa, ya ukoo au ya malezi. Ni mwelekeo mzuri, kwa kuwa mtoto aliyelelewa na kengele na foleni ya chakula hutoka akiwa na miaka kumi na minane bila shangazi wa kumkimbilia. Mwelekeo huo utafaa ikiwa tu pesa zilizokuwa za mabweni zitawafuata watoto hadi vijijini. Zikiishia njiani, geti litafungwa na mtoto atakuwa nje.

Wasichana wanahitaji kutajwa peke yao, kwa sababu mtaani huonekana wachache na hesabu huwadanganya wapangaji wa huduma. Msichana anayewasili mjini hadumu barazani. Ndani ya siku chache huchukuliwa na mtu: kuwa yaya asiyelipwa, kuwa "mke" wa mkubwa wa bezi kwa ajili ya ulinzi, au kuuzwa. Rescue Dada ya Nairobi ilianzishwa kwa ajili yao hasa. Wahudumu wa kike huwatafuta mahali tofauti na saa tofauti, kwenye vibanda vya chakula na vyumba vya kupanga kwa siku, na mara nyingi huwapata tayari wakiwa na ujauzito.

Lililo gumu kuliko yote ni la watu wazima. Takriban kila huduma iliyotajwa hapa ilijengwa kwa ajili ya mtoto. Mwaka 2003 serikali mpya ya Kenya iliwachukua mamia ya vijana kutoka mitaani na kuwapeleka katika kambi za Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, wakafundishwa ufundi na nidhamu, na mwaka huo huo ukaundwa mfuko wa umma wa kuzisaidia familia za mitaani. Wapo waliotoka huko wakiwa mafundi. Lakini kijana wa miaka ishirini na tano anayelala Grogan leo, au mama wa watoto wanne katika mzunguko wa Globe, akiuliza aende wapi usiku huu, jibu la kweli ni fupi sana. Kanisa fulani hutoa chai Jumapili. Zahanati fulani humhudumia akisindikizwa. Kitanda hakuna. Kituo cha mchana alichokijua kilimuaga siku alipofikisha miaka kumi na minane.

Anachohitaji kwanza, ukiwauliza wahudumu, ni karatasi. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake. Bila laini hana M-Pesa. Bila M-Pesa akiba yake yote iko ndani ya soksi, na soksi huibwa usiku. Hawezi kuandikwa kibarua kwenye jengo linalodai kitambulisho getini. Akikamatwa, hana cha kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa mahali fulani. Na ili apate kitambulisho huulizwa cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha mzazi, pamoja na chifu wa kwao wa kumthibitisha. Chifu wa kwao hajamwona tangu akiwa na miaka tisa.

Kwa hiyo wapo wahudumu ambao sasa sehemu kubwa ya kazi yao ni kupanga foleni. Hutafuta barua ya shule aliyosoma mwaka mmoja, kadi ya kliniki kama ilisalia, jina la mkunga. Mambo yakikwama humchukua kijana mwenyewe. Hukutana alfajiri kwenye steji ya mabasi ya Machakos jijini Nairobi, kijana amevaa shati aliloazimwa kituoni, mhudumu na lile daftari la zamani ambalo ukurasa wake wa kwanza una jina la mchezaji wa Arsenal. Hupanda basi la kwenda kumtafuta mzee yeyote aliye hai anayeweza kusimama mbele ya chifu na kusema kwamba anamkumbuka huyu, na kwamba alimjua mama yake.